Korea: uhuru ulioletwa na wengine, mpaka uliochorwa na wengine

Nchini Congo, jina la Korea linatajwa karibu kila mara juu ya jambo moja: ya kwamba mwaka wa 1960 Korea ya Kusini ilikuwa maskini kama Congo, na leo inauza simu, magari na meli duniani kote. Wanasiasa wanalirudilia kwenye mikutano, walimu wanalisema darasani, vijana wanalibishania wakiwa na simu ya Samsung mkononi. Si uongo. Lakini hadithi hiyo inaanzia katikati. Inaruka miaka 35 ya ukoloni, inaruka vita iliyoua watu kwa mamilioni, na inaruka neno dogo ambalo kila mtu analitamka bila kulifikiria: «ya Kusini».

Korea haikuzaliwa ya Kusini wala ya Kaskazini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa nchi moja, yenye lugha moja na mfalme mmoja. Kilichoigawanya si kabila, si dini, wala si mto. Ni mstari uliochorwa kwenye ramani usiku mmoja wa Agosti 1945, ukiitwa mstari wa muda tu. Miaka 80 imepita. Mstari huo ulisogea kidogo wakati wa vita, lakini haujafutwa. Kwa watu wa mashariki ya Congo, hilo ndilo somo kubwa la Korea, kuliko habari yote ya viwanda.

Nchi iliyomezwa kwa makaratasi

Japani haikuichukua Korea kwa siku moja. Ilianza mwaka wa 1876 kwa mkataba wa kulazimishwa, uliofungua bandari za Korea kwa wafanyabiashara wa Kijapani. Mwaka wa 1895, Wajapani waliingia ndani ya jumba la kifalme mjini Seoul na kumuua Malkia Min, aliyekuwa akipinga mipango yao. Mwaka wa 1905, baada ya kuishinda Urusi vitani, Japani iliilazimisha Korea kuiachia mambo yake yote ya nchi za nje. Miezi michache mbele ya hapo, Marekani na Japani zilikuwa zimekwisha kusikilizana kimya kimya: Japani ikae na Korea, Marekani ikae na Ufilipino. Hakuna Mkorea aliyeulizwa.

Mfalme Gojong alijaribu njia ya mwisho. Mwaka wa 1907 alituma wajumbe watatu kwa siri mpaka mji wa La Haye, kule Uholanzi, ambako mataifa makubwa yalikutana kuzungumza juu ya amani. Walifungiwa mlango. Japani ilitumia safari hiyo kama kosa la kumwondoa mfalme kwenye kiti chake, na mwaka ule ule jeshi la Korea likavunjwa. Tarehe 22 Agosti 1910 mkataba wa mwisho ulitiwa sahihi, na Korea ikawa koloni.

Wakongomani wanaijua namna hiyo ya kazi. Berlin, mwaka wa 1885, meza ilikuwa imejaa na hakuna Mwafrika aliyekaa kwenye kiti. Tofauti ni ya kwamba Wakorea walikuwa na serikali yao inayotambuliwa na mataifa, mabalozi wao, na mikataba yao na mataifa yale yale yaliyowaacha. Karatasi hazikuwalinda.

Kilichofuata kilianza na ardhi. Kati ya 1910 na 1918 wakoloni walipima mashamba yote ya nchi. Mkulima aliyelima shamba la babu zake bila karatasi alijikuta mpangaji kwenye udongo wake mwenyewe. Mchele uliolimwa Korea ulipakiwa melini kwenda kulisha miji ya Japani, na wakulima walioulima wakawa wanakula mtama ulioletwa kutoka Manchuria. Hata leo kuna watu Japani wanaosema ya kwamba ukoloni ulijenga reli, bandari na viwanda. Ni kweli, reli ilijengwa. Reli ya Matadi nayo ilijengwa. Swali si kama reli ilijengwa, swali ni mizigo ilikuwa inakwenda wapi.

Siku watu walipoingia barabarani

Tarehe 1 Machi 1919, watu 33, wengi wao viongozi wa dini, walitia sahihi tangazo la uhuru mjini Seoul. Hawakuwa na bunduki. Wanafunzi walilisoma mbele ya watu katika bustani ya mji, na maneno ya «uhuru wa Korea uishi» yakaenea nchi nzima. Kwa miezi iliyofuata, watu karibu milioni mbili walitembea barabarani, kwenye masoko na vijijini. Wakoloni walijibu kwa risasi na moto. Katika kijiji cha Jeam-ri, askari waliwafungia watu ndani ya kanisa, wakawapiga risasi na kulichoma. Hesabu za Wakorea zinasema ya kwamba zaidi ya watu 7,000 waliuawa. Hesabu za Wajapani zinasema mamia tu. Msichana mmoja mwanafunzi, Yu Gwan-sun, aliyeongoza maandamano sokoni kwao, alifia gerezani mwaka wa 1920 akiwa hajafikisha miaka 18.

Maandamano hayo hayakuleta uhuru. Lakini yalizaa serikali ya Wakorea uhamishoni, mjini Shanghai, Aprili 1919. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema ya kwamba Wakorea walikubali kutawaliwa.

Miaka ya mwisho ya ukoloni ilikuwa mibaya zaidi, kwa sababu Japani haikutaka tena mchele na makaa peke yake, ilitaka Mkorea mwenyewe asiwepo. Lugha yake iliondolewa katika masomo. Mwaka wa 1940 familia ziliamriwa kuchukua majina ya Kijapani, na karibu nane kati ya kumi zilifanya hivyo. Mwaka ule ule magazeti makubwa mawili ya Kikorea yalifungwa. Moja, Dong-A Ilbo, lilikuwa limekwisha kuadhibiwa mwaka wa 1936, pale mkimbiaji Mkorea, Sohn Kee-chung, aliposhinda mbio ndefu za Olimpiki kule Berlin akiwa amevalishwa bendera ya Japani kifuani na kuandikwa kwa jina la Kijapani. Gazeti lilichapisha picha yake likiwa limeifuta ile bendera. Waandishi walifungwa.

Mwaka wa 1942 walikamatwa pia watu waliokuwa wakitunga kamusi ya Kikorea. Makaratasi yao ya miaka mingi yalichukuliwa kama ushahidi wa kosa. Yalipatikana Septemba 1945 katika ghala ya kituo cha reli cha Seoul. Kamusi ilichapishwa baadaye. Ni ushindi mdogo ukilinganishwa na yaliyopotea, lakini unaonyesha vita ile ilikuwa juu ya nini.

Wamama waliosubiri miaka 46

Wakati wa vita kuu ya pili, wanaume Wakorea kwa mamia ya maelfu walipelekwa kufanya kazi ya nguvu katika machimbo ya makaa na viwanda vya Japani. Wasichana na wanawake walipelekwa kwenye nyumba ambako askari wa Japani waliwabaka siku kwa siku. Serikali ya Japani ilizipa nyumba hizo jina la «faraja». Waliorudi walinyamaza, kwa sababu jamii yao wenyewe iliwaona kuwa wenye aibu. Mwanamke wa kwanza wa Korea ya Kusini kusema wazi mbele ya watu kwa jina lake, Kim Hak-sun, alisema tarehe 14 Agosti 1991. Ilikuwa imepita miaka 46 tangu vita kwisha. Tangu Januari 1992, wazee hao na wanaowaunga mkono wanakutana kila siku ya tatu ya juma mbele ya ubalozi wa Japani mjini Seoul.

Hapa historia ya Korea inaigusa Kivu moja kwa moja. Mwaka wa 2012, wazee wawili kati yao, Kim Bok-dong na Gil Won-ok, walisema ya kwamba malipo yoyote watakayopata kutoka Japani yatakwenda kwa wanawake waliobakwa katika vita vya leo. Mfuko ulianzishwa kwa jina la kipepeo, na msaada wa kwanza ulitumwa kwa Rebecca Masika Katsuva, Mkongomani aliyekuwa akipokea na kuwatunza wanawake waliobakwa huko Kivu ya Kusini. Masika alifariki mwaka wa 2016. Mwaka huo huo Daktari Denis Mukwege alipewa zawadi ya amani ya Seoul. Mwanamke wa Minova na bibi wa Seoul hawakuwa na lugha moja, wala vita moja, lakini kila mmoja alijua mwenzake anasema nini.

Siku ya mwanga, usiku wa ramani

Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la kwanza la atomiki lilianguka juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya uranium ya mpango ule wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wafanyakazi Wakongomani ambao hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa kazi gani. Kati ya watu waliopigwa na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki walikuwemo makumi ya maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wamepelekwa huko kufanya kazi. Hivi ndivyo jiwe la nchi moja iliyotawaliwa lilivyosaidia kumaliza utawala juu ya nchi nyingine, na njiani likaua watu wale wale waliokuwa wanangojea kuachiliwa.

Tarehe 15 Agosti mfalme wa Japani alitangaza kwa redio ya kwamba nchi yake imeshindwa. Wakorea wa Kusini wanaiita siku hiyo kurudi kwa mwanga. Ni moja ya siku chache ambazo pande zote mbili zinaisherehekea.

Mara nyingi inasemwa ya kwamba Wakorea hawakuwa tayari kujitawala. Si kweli. Asubuhi ile ile ya tarehe 15, wakuu wa Kijapani wakiogopa fujo walimwita mwanasiasa Yeo Un-hyeong na kumwomba alinde usalama. Alikubali kwa masharti: wafungwa wa siasa waachiliwe, chakula cha miezi mitatu kiwekwe, na Wajapani wasiingilie kazi yake. Mpaka mwisho wa mwezi, kamati za raia zaidi ya 140 zilikuwa zimeundwa katika miji na wilaya za nchi nzima. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kujitawala.

Lakini usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Agosti, kabla hata Japani haijatangaza kushindwa, koloneli wawili wa Marekani mjini Washington, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa karibu nusu saa ili watafute mahali pa kuigawanya Korea. Askari wa Kisovieti walikuwa wanaingia kutoka kaskazini, na askari wa Marekani walikuwa mbali bado. Hawakuwa na ramani nzuri. Walitumia ile ya gazeti la National Geographic. Walichagua mstari wa digri 38 kwa sababu uliiacha Seoul upande wa Marekani. Stalin alikubali bila ubishi. Kazi ya mstari ilikuwa moja tu: kuonyesha ni nani atapokea silaha za Wajapani upande gani.

Mstari ule haukujali kitu. Ulikata mito 12, vijito zaidi ya 75, njia sita za reli na mamia ya barabara ndogo. Uliacha viwanda vizito na sehemu kubwa ya umeme upande wa kaskazini, na mashamba mengi ya mchele upande wa kusini. Tarehe 14 Mei 1948 kaskazini ilikata umeme, na kusini ikabaki gizani. Nchi moja ilipasuliwa kama mwili unaotenganishwa na viungo vyake.

Wamarekani waliposhuka Septemba 1945, hawakutambua serikali iliyotangazwa na watu wa Yeo. Tarehe 9 Septemba, bendera ya Japani iliteremshwa mjini Seoul, na iliyopandishwa mahali pake haikuwa ya Korea. Ilikuwa ya Marekani. Mapolisi Wakorea waliowafunga na kuwatesa wenzao kwa amri ya Japani waliachwa kazini, kwa sababu walijua kazi. Kaskazini, Wasovieti walizitumia kamati za raia, kisha wakazifinyanga mpaka zikabaki na sauti moja tu, ile ya kundi la Kim Il Sung. Pande mbili, namna mbili, lakini matokeo yalikuwa sawa: aliyeletewa uhuru hakuulizwa anautaka vipi.

Nyasi pia zina mikono

Kiswahili kinasema tembo wakipigana zinazoumia ni nyasi. Wakorea nao wana methali yao: nyangumi wakipigana, kamba, yule mnyama mdogo wa baharini, ndiye anayevunjika mgongo. Methali zote mbili zinasema kweli, lakini zina hatari. Zinamfanya mdogo aonekane kama hakufanya lolote. Korea haikugawanywa na wageni peke yao. Wageni walichora mstari. Wakorea wenyewe waliujengea ukuta.

Mwaka wa 1945 mpaka 1948 njia ya kurudi ilikuwepo bado. Yeo alijaribu kuwaunganisha watu wa kushoto na wa kulia. Aliuawa kwa risasi mjini Seoul Julai 1947. Kim Gu, aliyeiongoza serikali ya uhamishoni miaka mingi, alivuka mpaka Aprili 1948 kwenda Pyongyang kuzungumza, ijapokuwa alikuwa mpinzani mkali wa ukomunisti. Alikataa uchaguzi wa upande mmoja. Aliuawa Juni 1949, na aliyempiga risasi alikuwa ofisa wa jeshi la kusini.

Waliobaki walikuwa wawili ambao kila mmoja aliona afadhali kutawala nusu kuliko kugawana nzima. Syngman Rhee alitangaza Jamhuri kusini tarehe 15 Agosti 1948. Kim Il Sung alitangaza yake kaskazini tarehe 9 Septemba. Kila mmoja alidai kuwa ndiye serikali ya Korea yote, na kila mmoja alimwita mwenzake kibaraka. Kusini, kamati iliyoundwa ili kuwahukumu waliowatumikia Wajapani ilivamiwa na mapolisi Juni 1949, na kazi yake ikafa. Kisiwani Jeju, upinzani ulioanza Aprili 1948, raia wakiukataa ule uchaguzi wa upande mmoja, ulizimwa kwa mauaji ya watu wanaohesabiwa kati ya 25,000 na 30,000.

Kosa la mgeni linaeleza jeraha. Halielezi kwa nini jeraha halijafungwa.

Waliokimbia, waliobaki

Tarehe 25 Juni 1950 jeshi la kaskazini lilivuka mstari. Redio ya serikali iliwaambia wakaaji wa Seoul watulie, hali iko mikononi. Rais Rhee alikuwa amekwisha kukimbia. Usiku wa tarehe 28, jeshi lake lenyewe lililipua daraja la mto Han, na watu kwa mamia walikufa wakiwa juu yake. Waliobaki ng'ambo ya pili hawakuwa na njia tena. Waliishi chini ya jeshi la kaskazini kwa miezi mitatu. Walipewa kazi, waliitwa kwenye mikutano, waliimba walichoambiwa kuimba.

Serikali iliporudi Septemba, iliwageukia hao hao. Mtu aliyekimbia alihesabiwa kuwa mzalendo. Mtu aliyebaki, kwa sababu daraja lilivunjwa mbele ya macho yake, alishukiwa kuwa mshirika wa adui. Wengi walifungwa, wengine waliuawa. Mji wa Seoul ulibadilisha mikono mara nne ndani ya mwaka mmoja hivi, na kila mara kulipiza kisasi kulianza upya.

Dunia nzima iliingia: Marekani na nchi zingine chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa upande mmoja, China upande mwingine, Wasovieti nyuma. Ubelgiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatawala Congo, ilituma kikosi. Ethiopia ilituma chake. Ndege za Marekani ziliangusha zaidi ya tani 600,000 za mabomu, na miji ya kaskazini ikabaki majivu. Mazungumzo ya kusimamisha vita yalianza Julai 1951 na yakachukua miaka miwili, huku watu wakiendelea kufa kila siku. Sahihi zilitiwa Panmunjom tarehe 27 Julai 1953. Kusini ilikataa kutia sahihi. Waliokufa wanahesabiwa kuwa milioni mbili mpaka tatu, wengi wao raia. Mstari ulikuwa karibu pale pale ulipoanza.

Na ule haukuwa mkataba wa amani. Ulikuwa wa kusimamisha risasi. Mkataba wa amani haujatiwa sahihi mpaka leo.

Kati ya pande mbili kuna ukanda wa kilometa nne kwa upana, kutoka bahari mpaka bahari, ambao hakuna anayeuvuka. Mtu aliyetoka kwake Desemba 1950 akimwambia mke wake atarudi baada ya wiki moja hakurudi tena. Mwaka wa 1983 televisheni ya KBS ya Korea ya Kusini iliandaa kipindi cha saa chache ili kuwasaidia watu wa kusini wenyewe waliopotezana wakati wa vita. Watu walifurika mpaka kipindi kikaendelea kutoka Juni mpaka Novemba, saa 453 kwa jumla. Zaidi ya watu 100,000 waliomba, familia zaidi ya 10,000 zilionana. Hao walikuwa upande mmoja wa mstari, na ilichukua miaka 30.

Kwa waliotenganishwa na mstari wenyewe, hali ni ngumu zaidi. Zaidi ya watu 130,000 waliandikisha majina yao kusini wakitafuta ndugu wa kaskazini. Kati ya 2000 na 2018 pande mbili ziliruhusu mikutano ya uso kwa uso mara 21. Kila mara watu wachache walichaguliwa. Mzee wa miaka 90 alimshika mtoto wake mwenye miaka 70, wakakaa pamoja saa chache, kisha basi likaondoka. Wengi wa walioandikishwa wamekwisha kufa. Tangu Agosti 2018 hakuna mkutano mwingine. Mwanzoni mwa 2024 Kim Jong Un, mjukuu wa Kim Il Sung, alitangaza ya kwamba kaskazini haitafuti tena kuungana, na kusini ni adui. Oktoba mwaka huo barabara zilizounganisha pande mbili zililipuliwa.

«Lakini kusini walitajirika»

Kuna watakaosema ya kwamba mstari ulisaidia: bila huo, Korea yote ingekuwa chini ya Kim, na Samsung isingekuwepo. Jibu hilo linasahau mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyekuwa na haki ya kuwauliza watu milioni mbili kufa na wengine milioni 25 wa kaskazini kubaki gerezani ili nusu nyingine itajirike. La pili, kusini haikupata uhuru kwa sababu ya mstari. Kwa miaka karibu 40 ilitawaliwa kwa mkono wa chuma, na kila aliyepinga aliitwa mkomunisti, kwa sababu adui alikuwa mlangoni. Mei 1980, jeshi la kusini liliwaua raia wake mjini Gwangju. Demokrasia ilipatikana mwaka wa 1987 barabarani, kwa wanafunzi, wafanyakazi na watu wa makanisa. Mstari uliwapa madikteta wa pande zote mbili kisingizio kimoja.

Alama za mgawanyiko huo zimefika mpaka Kinshasa. Sanamu ya Mzee Laurent-Désiré Kabila ilitengenezwa na mafundi wa Korea ya Kaskazini. Makumbusho mapya ya taifa, yaliyofunguliwa mwaka wa 2019, yalijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Ndugu wawili wasiosalimiana, kila mmoja akipeleka zawadi yake kwa jirani.

Swali linalobaki Kivu

Congo imewahi kukaa karibu na njia hiyo. Kati ya 1998 na 2003, mashariki ilitawaliwa na RCD kutoka Goma, sehemu ya kaskazini na MLC kutoka Gbadolite, na Kinshasa ilibaki na magharibi na kusini. Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, yaliyothibitishwa Sun City Aprili 2003, yalirudisha nchi moja. Hayakuleta haki, na wengi wanalipa kosa hilo mpaka leo. Lakini mstari haukupata muda wa kukauka.

Mwaka wa 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23, na mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Congo si Korea, na hakuna historia inayojirudilia sawasawa. Ila mambo matatu ya Korea yanastahili kuwekwa mezani kila mara mtu anaposema neno «kwa muda».

Mstari wa muda unaota mizizi kwa mambo madogo: polisi wengine, kodi nyingine, stempu nyingine, mtihani mwingine wa shule, benki inayofunga. Kila moja linaonekana dogo. Yakikaa pamoja miaka mitano, yanakuwa nchi.

Tena, mtu aliyebaki nyumbani kwake pale mji ulipobadilisha mikono si msaliti. Seoul ilifanya kosa la kuwahukumu waliobaki, na kosa hilo liliwatenga watu wa mji mmoja zaidi kuliko mabomu. Serikali yoyote inayotaka mji urudi inapaswa kusema hilo leo, siyo siku ya kurudi.

Na mwisho, wageni wanaweza kusimamisha risasi, na inafaa washukuriwe wakifanya hivyo. Lakini koloneli wawili wa Washington hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye haraka, wenye ramani ndogo, na hakuna Mkorea aliyekuwa chumbani. Wanaozungumza leo juu ya Kivu wana ramani nzuri zaidi. Kinachobaki kuulizwa ni nani wa Masisi, wa Uvira au wa Walikale aliye chumbani humo, na nani kati ya viongozi Wakongomani yuko tayari kugawana nzima badala ya kutawala nusu.